Windows 10 au Windows 11: Ipi Itufaayo?

Tangu muhula uliopita pamekuwa na ubishi mkubwa hapa shuleni petu juu ya mashine zilizo katika chumba cha kompyuta. Wako wasemao ya kuwa mfumo endeshi wa zamani, yaani Windows 10, umekwisha kufa, na kwa hiyo mashine zote ziutumiazo ziondolewe, zinunuliwe nyingine zenye Windows 11. Wako wengine wasemao ya kuwa hayo ni maneno ya wafanyabiashara tu: mashine zinawaka, maandishi yanaonekana, basi tunataka nini tena? Hata katika mdahalo wa Jumamosi jambo hili lilizungumzwa, na wasemaji wa pande zote mbili walipigiwa makofi. Nimewasikiliza wote, nami naona ya kuwa kila upande una nusu ya kweli. Kwa kuwa Bodi ya Shule itakaa kabla ya likizo ili kuamua jinsi fedha za kompyuta zitakavyotumiwa, yafaa nitoe maoni yangu katika gazeti letu mapema, kwa maana baada ya uamuzi maneno hayatakuwa na faida.

Kwanza nieleze kidogo kwa ajili ya wale wasiosoma somo la Kompyuta. Mfumo endeshi ni ile programu kuu ambayo pasipo hiyo kompyuta ni sanduku tu. Kazi yake yafanana na kazi ya mwalimu wa zamu. Mwalimu wa zamu huangalia kengele igongwe saa ngapi, nani aingie wapi, chakula kigawanywe vipi, na lango lifungwe usiku wasiingie wezi. Hali kadhalika mfumo endeshi hugawa nafasi na nguvu za mashine kwa programu nyingine, hutunza mafaili, hupokea amri za kibodi na kipanya, na hulinda lango. Zamu ikiwa mbaya, hata walimu hodari hawawezi kufundisha.

Sasa tutazame tarehe, maana wengi hubishana bila ya kuzijua. Windows 10 ilitolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 29 Julai 2015. Windows 11 ilitolewa tarehe 5 Oktoba 2021. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure. Maana yake si kwamba siku ile kompyuta zilizimika. La! Ziliwaka asubuhi yake kama kawaida, na ndiyo sababu baadhi ya ndugu zetu wanasema hakuna lililobadilika. Kilichokoma ni viraka.

Neno hili viraka ndilo kiini cha jambo lote, kwa hiyo naomba wasomaji wanivumilie. Mfumo endeshi una mamilioni ya mistari ya maagizo, nao umeandikwa na binadamu. Hakuna nguo kubwa kiasi hicho isiyo na tundu. Kila mwezi wataalamu huyagundua matundu mapya, na wezi nao huyatafuta. Mwenye kuishona nguo hutoa kiraka, na kila mwenye mashine hukipokea kwa intaneti. Nguo yenye fundi, hata ikiwa kuukuu, yavalika. Nguo isiyo na fundi, hata ikiwa nzuri, kila siku iendayo matundu yake huzidi, wala mwenyewe hayaoni.

Basi mimi nasema hivi: swali la kuuliza si lipi ni jipya na lipi ni la zamani. Swali ni hili: mfumo huu una mtu wa kuushona, au hauna? Na la pili: mashine tuliyo nayo yaweza kuubeba? Yeyote asiyeanza na maswali hayo mawili atapotea, awe mpenda mapya au mpenda ya kale.

Wanaopenda ya kale hutuambia, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Methali hiyo ni ya kweli, na historia ya kompyuta yaonyesha hivyo. Windows XP ilitolewa mwaka 2001. Mwaka 2007 ikaja Windows Vista, nayo ikawa nzito, ikazilemea mashine nyingi za wakati ule. Watu wengi walikataa kuhama, wakabaki na XP yao. Je, walikuwa wajinga? Hata kidogo. XP ilikuwa bado inashonwa, tena iliendelea kushonwa mpaka tarehe 8 Aprili 2014. Waliongoja walipata Windows 7 mwaka 2009, ambayo ilikuwa nyepesi kuliko Vista, wakahamia huko kwa raha. Kungoja kulikuwa busara, kwa sababu mbacha ulikuwa bado na mshonaji.

Lakini methali hiyo hiyo haimsaidii mtu ambaye mbacha wake hauna mshonaji tena, au anao lakini hamwiti. Mwezi wa Mei 2017 vilitokea virusi vilivyoitwa WannaCry. Viliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi kadiri ya 150, vikayafunga mafaili ya watu, vikadai dola 300 ili yafunguliwe. Uingereza hospitali nyingi za serikali ziliguswa, wagonjwa wakarudishwa nyumbani, magari ya wagonjwa yakaelekezwa kwingine. Wengi hudhani kompyuta zilizopigwa zilikuwa za XP. Sivyo. Nyingi zilikuwa za Windows 7, ambayo wakati ule ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka cha kuliziba tundu lile kilikuwa kimetolewa mwezi Machi, yaani miezi miwili kabla. Waliokipokea walisalimika. Wasiokipokea walilia. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hapo wenzangu hujibu, "Sisi hatuna haja ya hofu, kwani mashine zetu nyingi hazina intaneti." Jawabu hili si dogo, wala silidharau. Mashine isiyo na intaneti ina hatari chache kweli. Lakini nani asiyejua habari za flashi? Mwanafunzi huandika kazi yake hapa, huipeleka mjini kuchapisha, na huirudisha flashi ikiwa na virusi vilivyoificha kazi yote na kuacha njia za mkato mahali pake. Flashi moja huingizwa katika mashine kumi kwa siku moja. Kukosa intaneti ni kufunga lango kuu. Flashi ni tundu la uani. Tena ubaya wa kukosa intaneti ni kwamba mashine haipati kiraka hata kikiwapo.

Sasa niwageukie wapenda mapya. Hawa nao husema, "Tupeni hizi zote, tununue za Windows 11, tuwe kama shule nyingine." Wanasema kweli kwamba Windows 11 inashonwa, na kwamba ina ulinzi zaidi. Lakini swali langu la pili wanalikimbia: mashine zetu zaweza kuubeba? Windows 11 yataka kumbukumbu isiyopungua gigabaiti 4 na nafasi ya diski isiyopungua gigabaiti 64. Hayo si mageni. Lililo gumu ni kwamba yataka pia chipu ya usalama iitwayo TPM, toleo la 2.0, na prosesa ya miaka ya karibuni. Kwa upande wa Intel, kwa jumla ni kizazi cha nane kuendelea, ambacho kilianza kuuzwa mwaka 2017. Kompyuta nzuri ya mwaka 2015, iliyo mzima kabisa, haikubaliwi mlangoni.

Katika chumba chetu mna mashine 24. Kwa ruhusa ya mwalimu wetu wa Kompyuta, wanachama wa chama cha kompyuta tulizichunguza zote moja moja. Sita tu zaweza kupokea Windows 11, na kuhamia kwake ni bure kwa kuwa tayari zina leseni halali ya Windows 10. Nyingine 18 haziwezi. Fedha zilizopo, kwa bei tulizoulizia, zatosha kununua mashine mpya saba. Basi tufanye hesabu. Mkondo mmoja una wanafunzi 48. Leo twakaa wawili kwa mashine moja, na katika kipindi cha dakika 40 kila mmoja hupata dakika 20 za kushika kibodi. Tukizitupa 18 na kununua saba, tutabaki na mashine 13. Tutakaa karibu wanne kwa mashine moja, na kila mmoja atapata dakika 10 au 11. Na sisi sote twajua nani atakayezipata hata hizo dakika 10. Atazipata yule mwenye kompyuta nyumbani kwao, maana mkono wake ni mwepesi, na wenziwe watamwachia ili kazi iishe. Mtoto ambaye hajapata kuigusa kompyuta kabla ya kuja hapa atakaa nyuma akitazama mabega ya wenzake. Atafaulu kueleza kipanya ni nini, bila ya kujua kukishika.

Kwa ajili ya mtoto huyo ndipo nikaandika. Shule ya serikali haikuwekwa ili chumba chake kipendeze machoni pa wageni. Iliwekwa ili yule asiye na kitu nyumbani akipate hapa.

Wako pia mafundi wa mjini watuambiao, "Msihangaike. Sisi twajua njia ya kuiingiza Windows 11 kwa nguvu hata katika mashine ya zamani." Ni kweli njia hiyo ipo. Lakini Microsoft yenyewe imesema ya kuwa mashine zisizotimiza masharti hazina hakika ya kupata viraka. Basi tutakuwa tumefanya nini? Tumeuacha mfumo usioshonwa, tukaingia katika mfumo ambao huenda usitushonee. Huko ni kununua jina la upya na kuacha faida yake.

Je, tufanye nini? Naleta shauri lenye sehemu nne.

La kwanza, zile mashine sita ziwezazo zihamishwe kwenda Windows 11 mara moja. Hapa sioni sababu ya kungoja, maana mashine ni nzima, gharama ni ya intaneti tu, na fundi yupo.

La pili, katika zile 18, sita zibaki na Windows 10, lakini zilipiwe viraka. Wengi hawajui ya kuwa jambo hili lawezekana. Microsoft iliweka malipo maalumu kwa shule zenye mkataba wa leseni za elimu: dola 1 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, dola 2 mwaka wa pili, na dola 4 mwaka wa tatu. Kwa mashine sita ni dola 42 kwa miaka yote mitatu. Huenda mtu akauliza, "Kwa nini tusizilipie zote 18?" Kwa bei ni rahisi, dola 126 tu. Lakini viraka hivyo vina mwisho, nao ni Oktoba 2028. Mwanafunzi aliyeingia Kidato cha Kwanza mwezi Januari 2026 atafanya mtihani wa Kidato cha Nne mwaka 2029. Dawa hii hutuliza maumivu, haiponyi. Inafaa kwa mashine chache tuzihitajizo kwa programu zile zile za mtihani, siyo kwa chumba kizima.

La tatu, na hili ndilo litakalobishiwa, mashine 12 zilizobaki ziwekewe mfumo mwingine, nao ni Linux. Linux ilianzishwa mwaka 1991 na kijana wa Finland, Linus Torvalds, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki. Haina mwenye kuiuza peke yake. Mtu yeyote huruhusiwa kuipata, kuisoma, kuirekebisha na kuigawa. Yako matoleo yake mengi. Moja ni Ubuntu, lililoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini, nalo lina jina ambalo Mbantu hana haja ya kutafsiriwa. Jingine ni Linux Mint. Toleo lake la 22, lililotolewa mwaka 2024, litashonwa mpaka mwaka 2029, tena bure, na baada ya hapo laweza kubadilishwa kwa lifuatalo bila ya kulipa. Huanza kukubali kuwekwa penye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ijapokuwa gigabaiti 4 ni bora. Mashine zetu zote 12 zina gigabaiti 4.

Angalieni basi ajabu ya jambo hili. Mashine ile ile ya mwaka 2015 iliyokataliwa mlangoni na Windows 11 yaweza kuchukua mfumo uliotolewa mwaka 2024. Kumbe uzee wa mashine na uzee wa mfumo si kitu kimoja. Na tuliodhani ya kuwa njia ni mbili tu, kubaki au kununua, tulikuwa hatujatazama pande zote.

La nne, fedha za mashine saba zisiliwe zote na mashine saba. Zinunuliwe tatu, na zinazobaki zinunue diski mpya za SSD kwa zile za zamani. Asiyeamini na aje atazame moja ambayo mwalimu wetu alikwisha kuibadilisha diski. Zamani ilikuwa ikiwashwa mtu aweza kwenda kunywa maji na kurudi kabla haijawa tayari. Sasa hata kiti hakijapata joto. Hivyo tutakuwa na mashine 27 zote zenye mshonaji, badala ya 13.

Najua yatakayosemwa. Watasema, "Mtihani wataka Word na Excel, Linux haina hizo." Ni kweli hazimo. Mnayo LibreOffice, ambayo huandika barua, hupanga hesabu kwa safu na nguzo, na hufungua mafaili ya Word na Excel, ingawa pengine mpangilio husogea kidogo. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza na cha Pili anayejifunza kuandika kwa vidole kumi, kuhifadhi faili na kujumlisha safu, hapungukiwi na kitu. Wale wa Kidato cha Tatu na cha Nne watafanya mazoezi katika mashine 15 zenye Windows. Tena mtu aliyejifunza kitu kimoja katika mifumo miwili hulijua jambo lenyewe. Aliyejifunza katika mmoja mara nyingi hujua tu mahali pa kubofya.

Watasema pia, "Hayo ya Linux ni ya Wazungu, hapa hayawezekani." Hasha! Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika mradi ulioitwa Kilinux, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Na hiyo OpenOffice ndiyo iliyoizaa LibreOffice mwaka 2010. Kazi hii ina alama za mikono yetu tangu zamani.

Wengine watanung'unika juu ya vifurushi vya intaneti, kwamba viraka huvila. Ni kweli, na shule si tajiri. Lakini Windows 10 na 11 zaweza kupangwa ili mashine zilizo katika mtandao mmoja zigawane kiraka kimoja kilichokwisha kupakuliwa. Na ni vizuri kiraka kijaribiwe kwanza katika mashine moja kwa siku chache. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho baya la kampuni ya ulinzi, CrowdStrike, liliangusha kompyuta kadiri ya milioni 8.5 zenye Windows ulimwenguni, na ndege nyingi hazikuruka. Kwa hiyo simwambii mtu ashone akiwa amefumba macho. Namwambia ashone.

Mwisho nina neno kwa wanafunzi wenzangu. Wengi wetu twazitaka mashine mpya kwa sababu zang'aa, na wengine twazing'ang'ania za zamani kwa sababu tumekwisha kuzizoea. Sababu zote mbili ni za mtu mmoja mmoja, wala si za shule. Bodi ya Shule ikikaa, nawaomba wazee wetu na walimu wetu waulize yale maswali mawili juu ya kila mashine: nani aushonaye mfumo wake, na je, mashine yaweza kuubeba? Kisha waongeze la tatu, ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kupita yote: baada ya uamuzi huu, yule mwanafunzi anayekaa nyuma atapata dakika ngapi?

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye kuona vingine na aandike muhula ujao, nami nitamsoma kwa heshima.